Jibu la Mzee Petrit

Herndon, Virginia
10 Januari 2025

Kaka Dunstan,

Shikamoo. Audrey wa kwaya yetu amefika salama na barua yako, pamoja na kahawa ya kutafuna na zile senene. Uwanja wa ndege walimuuliza kama ni wadudu, akawajibu ni aina ya karanga. Mungu atamsamehe, kwa sababu mimi nimekwisha kuzila. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa sababu ya kuandikiana kwa karatasi kama babu zetu inaniuma. Ikiwa simu yako ina masikio ya watu wengine, basi tutumie kalamu na wasafiri.

Nimepata kazi mpya. Jumatatu hadi Ijumaa nalala huku Herndon, kwa mama mmoja anayeitwa Mirela, namtunza baba yake. Jumamosi narudi Langley Park, kwenye chumba changu na Jeptoo, yule nesi Mkenya, tukale pamoja vumbi la reli wanayojenga mbele ya mlango. Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Huyu mzee ninayemwogesha na kumkata kucha alikuwa meya. Meya kamili kama ulivyokuwa wewe, tena wa upinzani.

Anaitwa Petrit Kolgjini, na kwao ni Albania, nchi ndogo inayotazamana na Italia. Alikuwa mwalimu wa hesabu enzi za chama kimoja. Chama kilipoanguka alipanda juu ya lori sokoni akahutubia, na anasema mwenyewe kwamba tangu siku ile hakushuka. Miaka minane alikuwa meya wa mji wao, kisha mbunge, kisha kiongozi wa upinzani. Aligoma kula siku kumi na tisa mbele ya jengo la serikali. Alishindwa uchaguzi mkuu mara mbili, mkewe akafa, binti akamleta hapa. Picha zimejaa ukutani, na katika zote ameinua kidole kimoja kama wewe jukwaani. Tunaongea Kiingereza, yeye cha kufundishia na mimi cha kuombea kazi, na tunaelewana.

Kuna jambo moja tu linanitia ubaridi. Kila siku saa nne asubuhi anataka kahawa, vikombe viwili. Siku ya kwanza nilidhani cha pili ni changu. Akakifunika kwa kiganja akasema ni cha Ilir. Mirela ameniambia Ilir alikuwa mpima ardhi wa manispaa ya baba yake, na ni zaidi ya miaka ishirini tangu afariki. Halafu kwao mtu akifa, tangazo lenye picha yake hubandikwa kwenye kuta na nguzo za mtaa. Basi tarehe tisa, siku aliyokufa Ilir, mzee alinituma nibandike tangazo lake kwenye nguzo ya taa, pale penye masanduku ya barua. Kamati ya wakazi ikalibandua kabla ya mchana. Akanipa lingine. Tulibandika mara nne, na wao wakabandua mara nne, na kila mara nilipogeuka nyuma niliona yule mwanaume wa kwenye picha ananitazama.

Mama nimtume nini safari hii? Miguu yake inaendeleaje?

Mdogo wako,
Leokadia

*

Nyakasozi
30 Januari 2025

Leokadia mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu na kumsomea Mama mara moja, nikiruka yule maiti wa kwenye nguzo. Amecheka sana kusikia mameya huishia mikononi mwako. Anasema basi na mimi nijipange foleni. Mwambie mheshimiwa mwenzangu kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi pia niliupoteza umeya, lakini mwaka huu fomu ya udiwani nachukua, na tukipata madiwani wa kutosha kiti changu kitanirudia.

Sasa nikuambie yaliyotufika, kabla hujasikia kwa watu wa kwaya huko. Tarehe ishirini na moja wafanyabiashara walikataa kuhamishwa soko, na watu wakafurika. Askari walipokuja, umati ukageuka mbio. Mama Vumilia, yule muuza uji wa pale kona, alikanyagwa. Alifariki siku ya pili. Tumemzika, nimesimama kaburini, nimesema maneno.

Elkanah wamemkamata. Unamjua, dereva wa gari letu la matangazo, yule anayekula ugali wa Mama kama amezaliwa humu. Ni yeye aliyepita mitaani na spika kuwaita watu sokoni. Mimi walinihoji siku moja wakaniachia. Wanataka kujua nani alimtuma.

Hebu nidokeze, huyo mzee wako alianguka vipi? Na huyo Ilir alimfanya nini hata hamtoki?

Kaka yako,
Dunstan

*

Herndon
14 Februari 2025

Kaka Dunstan,

Shikamoo. Habari ya Mama Vumilia imenikalisha chini. Uji wake umenisomesha shule ya msingi yote. Nimemwombea, na Elkanah pia.

Uliuliza kuhusu Ilir. Sikumchokonoa mzee, alinieleza mwenyewe siku ya theluji, Mirela akiwa kazini. Ninakuandikia kama alivyosema, wala binti yake hajui.

Alipokuwa meya, kando ya mto palijaa vibanda visivyo na kibali. Alimpigia simu Ilir akamwambia vivunjwe asubuhi ile ile, bila kungoja karatasi, kwa sababu waandishi wa habari walikuwa njiani na yeye alitaka waone meya wa vitendo. Tingatinga likapita. Kwenye kibanda kimoja alikuwa amelala mlinzi mzee, kiziwi. Ikawa kesi. Serikali ilikuwa imeitafuta sababu ya kumwangusha, na sababu hiyo ikajileta. Mwendesha mashtaka akamwekea karatasi mezani: athibitishe kwamba hakutoa amri yoyote, kwamba mpima ardhi alijiamulia. Simu haina ushahidi. Ilikuwa saa nne asubuhi, kahawa ya mwendesha mashtaka ilikuwa mezani, vikombe viwili. Akasaini.

Ilir alifungwa miaka sita. Mahakamani hakumtaja meya hata mara moja, kwa kuwa aliamini meya anamtafutia wakili na atamtoa. Mwaka wa pili akafa humo gerezani. Familia ilisema moyo, gereza lilisema moyo, mzee anasema ni yeye. Yote yaliyofuata, Kaka, ubunge, uongozi wa chama, ule mgomo wa kula, yote yalikuja baada ya saini ile. Nilimuuliza kama anamwona Ilir kweli. Akasema hamwoni, ila anajua akiwa amekaa, kama unavyojua kuna mtu chumbani hata ukiwa umempa mgongo.

Kikombe cha pili kila siku nakikuta kitupu. Najua mzee ndiye anayekinywa nikienda jikoni. Lakini sijawahi kumwona akikinywa.

Nimekuandikia haya kwa sababu umeuliza. Na mimi nina swali dogo: ni nani alimtuma Elkanah?

Leokadia

*

Nyakasozi
24 Februari 2025

Leokadia,

Barua hii inaondoka na padre anayekuja huko kwenye mkutano, kwa hiyo naandika haraka.

Ni mimi niliyemtuma. Nani mwingine? Nilimwambia kwa mdomo, nimeegemea dirisha la gari, tupo wawili tu. Sasa wameniwekea karatasi kama ile ya mzee wako. Niandike kwamba Elkanah alijiitia watu bila maagizo. Nikisaini, jina langu linatoka kwenye kesi na fomu nachukua. Nikikataa, tunaingia wote wawili, chama hakina mgombea hapa, na soko linahamishwa hata hivyo. Wamenipa mpaka tarehe kumi Machi.

Usinihukumu ukiwa mbali. Watu elfu tano wanauza vitu katika soko lile. Elkanah ni mmoja, hana mke, hana mtoto, na nitamwekea wakili mzuri kuliko wangu. Hapa siwezi kumuuliza mtu. Chamani watasema nisaini, Mama atasema nisisaini, na wote hawajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Mzee wako amekaa. Amepita mbele, ameona mwisho wa njia. Nakuomba umuulize swali moja tu: angerudi siku ile, na akijua yote anayoyajua leo, angesaini tena?

Neno lake nitalifuata.

Dunstan

*

Herndon
4 Machi 2025

Kaka,

Padre alinikabidhi barua yako kanisani. Nilivyoisoma nilitaka kukupigia simu nikugombeze, masikio ya watu au hapana. Kisha nikaona ninakupenda kuliko hasira yangu, nikafanya ulichoomba.

Lakini ujue kwanza: mzee alipata kiharusi tarehe ishirini Februari. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwenda yote, Kiingereza na Kialbania. Anasikia na anaelewa, daktari amehakikisha. Kimebaki kichwa tu. Naye amekuwa mbishi kama mtoto. Ukimuuliza kama anataka supu anaitikia kwa kichwa, ukimletea anafunga mdomo. Mirela yuko kazini au anafuatilia dawa zake hospitali, tunapishana mlangoni, sina wa kumuuliza.

Jana saa nne nilimwekea vikombe vyake viwili. Nikavuta kiti karibu, nikamweleza habari yako yote polepole, soko, Mama Vumilia, Elkanah na spika yake. Alinisikiliza bila kupepesa. Nikamuuliza kama ulivyoniandikia, neno kwa neno. Kaka, aliitikia. Kichwa juu na chini, mara tatu, kwa nguvu hata mto ukaanguka. Nikasema, "Mzee, una hakika?" Akaitikia tena, machozi yakimtoka.

Nilitegemea vingine. Moyo wangu unasema usisaini, lakini wewe hukuuliza moyo wangu, na yeye ndiye aliyepita njia hiyo. Nimekuandikia nilichokiona kwa macho yangu. Audrey anasafiri kesho, barua itakuwahi.

Leokadia

*

Nyakasozi
13 Machi 2025

Leokadia,

Ahsante. Audrey aliileta tarehe nane. Nimepumua. Mtu akiambiwa na aliyetangulia, mzigo unakuwa wa wawili.

Karatasi imesainiwa. Elkanah amehamishiwa gereza la wilaya kungoja kesi. Wakili nimemwekea. Fomu nitachukua siku zikifika, na vijana wamekwisha kunishonea shati.

Jambo moja la kuchekesha. Gari letu la matangazo liko kituo cha polisi tangu Januari, halina hata tairi. Lakini asubuhi nikinyoa nalisikia likipita barabara ya juu, na sauti ya spika ni ya Elkanah, ile kukohoa kwake kabla hajaanza. Nimemuuliza Mama kama anasikia. Anasema ni redio ya jirani. Itakuwa hivyo.

Dunstan

*

Langley Park, Maryland
30 Machi 2025

Kaka Dunstan,

Isome barua hii ukiwa umekaa, na mlango ufunge.

Alhamisi Mirela alirudi mapema akanikuta nabishana na baba yake kwa kijiko cha supu. Nimemuuliza anataka, kaitikia, nimeleta, kafunga mdomo, nami uvumilivu ulikuwa umeniishia. Mirela akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akaniambia kwao Albania, watu wa umri wa baba yake, kichwa kikienda juu na chini maana yake ni hapana, na kikienda kando kwa kando maana yake ni ndiyo. Miezi yote ile mzee alikuwa akinijibu kwa mdomo, yes na no, na kichwa chake sikukiangalia. Kiharusi kilipochukua mdomo akarudi kwenye kichwa cha kwao.

Yeye anacheka, mimi nikaangusha bakuli, supu ikamwagika kwenye zulia. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikamuuliza tena, na binti yake amesimama pale: ungerudi siku ile, ungesaini tena? Akaanza. Juu na chini, juu na chini, hakuacha. Mirela aliacha kucheka. Akauliza, "Kusaini nini? Leokadia, what are you asking him?" Mzee alikuwa ananiambia hapana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kama alivyoniambia siku ile ya kwanza akilia, nami nikaandika ndiyo nikaituma kwa ndege.

Jeptoo nimemweleza jana nilivyofika nyumbani, maana sikuweza kula. Akasema, "Sasa wewe, usikae na hiyo kitu. Mwandikie brother yako leo leo, itakumaliza." Ndiyo naandika, na karatasi hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Ni mimi, Kaka. Elkanah yuko ndani kwa sababu yangu. Sasa ninaona kikombe cha pili hata nikiwa Langley Park. Nikiweka chai yangu mezani nageuka kutazama ni nani aliyekaa. Nakuomba, kwa ziwa la Mama tulilonyonya, nenda ukafute maelezo yale. Waambie uliyemtegemea alikupa jibu la uongo. Sema ni dada yako, nitaje jina. Nipo tayari kuandika, kuapa, kuja.

Nisamehe.

Leokadia

*

Nyakasozi
11 Aprili 2025

Mdogo wangu Leokadia,

Nilifunga mlango kama ulivyosema. Nimekaa na barua yako wiki nzima.

Sikiliza. Hukumfunga mtu. Ile karatasi niliisaini tarehe kumi na saba Februari. Barua ya kukuomba umuulize mzee niliiandika wiki moja baadaye. Hapakuwa na tarehe kumi Machi, niliitunga. Wakati unavuta kiti kwa mzee wa watu na kumsumbua na kiharusi chake, kazi ilikuwa imekwisha. Sikutaka ushauri. Nilitaka mtu mwingine aseme ndiyo, tena mtu wa mbali, mtu mkubwa, ili nikilala niseme si mimi peke yangu. Ulipoleta ndiyo nilishangilia. Ungeniletea hapana, ningeichana na kukuambia imechelewa njiani. Huyo ndiye kaka yako. Nimekuacha uubebe mwezi mzima mzigo ambao haukuwa wako, na ningekuacha nao zaidi, isipokuwa ulipoandika nikutaje jina nilishindwa kuvumilia.

Jumapili nilikwenda gerezani kumwona Elkanah. Nilikuwa sijaenda hata mara moja. Amekonda, meno yamekuwa makubwa. Hajaonyeshwa maelezo yangu, wakili niliyemlipia nilimwomba asiharakishe. Alifurahi kuniona kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Aliuliza miguu ya Mama, akauliza kama nimekwisha kushona shati la kampeni. Kisha akasogea kwenye nyavu akapunguza sauti.

"Mheshimiwa," akasema, "nimefikiri sana humu ndani. Wakikubana, sema nilijitangazia mwenyewe. Wewe una watu nyuma yako. Mimi nitasema hivyo hivyo."

Leokadia, nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Nikamjibu kwamba nitalifikiria. Akanishukuru.

Nilipotoka getini gari la matangazo lilikuwa linapita. Sikuliona, nililisikia, na safari hii halikuita watu. Lilikuwa limewashwa tu, kimya kile cha spika kabla mtu hajasema neno. Nilisimama juani nikisubiri aanze. Bado nasubiri. Naenda nalo bafuni, naenda nalo kanisani. Mzee wako alikaa nalo miaka ishirini, akawa mbunge nalo, akagoma kula nalo. Nimejipima, mimi sina kifua hicho.

Kesi inatajwa Jumatatu tarehe ishirini na nane. Nitakwenda saa tatu, nitasimama mbele ya hakimu nifute maelezo yangu na kusema ni mimi niliyemtuma. Wakili anasema sitarudi nyumbani siku hiyo, na kwamba Elkanah hatatoka kwa hilo peke yake, tutakuwa wawili tu. Chama sijakiambia.

Mama sijamwambia. Kila nikianza ananiongezea mchuzi. Nakuomba Jumatatu hiyo, ikifika saa sita ya huku, umpigie simu Edna jirani. Awachukue wanawake wawili watatu waende wakakae na Mama, wapike chai, wazungumze mambo mengine kwanza. Wakishakaa ndipo aambiwe niko wapi. Asiambiwe akiwa peke yake.

Kaka yako,
Dunstan